Kungumanga Mbili

Bibi yangu wa Mtambwe hakuwa na mizani jikoni. Chumvi aliitia kwa ncha za vidole, sukari kwa jicho, na kungumanga kwa hesabu. Alikuwa na kipande cha bati alichokitoboatoboa kwa msumari. Alikiweka juu ya kikombe cha maziwa ya moto, akaikwaruza kungumanga mara tatu, kwenda na kurudi, basi. Kisha aliipangusa, akaifunga kwenye pindo la kanga kuukuu na kuirudisha ndani ya kopo. Kungumanga moja ilimkaa miezi.

Kikombe hicho kilikuwa changu, usiku wa kuamkia mtihani. Nilikuwa mtoto wa jakamoyo. Likinianza, tumbo hunisokota, mikono huwa ya baridi, koo hukauka, na moyo hudunda hadi nikadhani aliyekaa karibu yangu anausikia. Nilipokuwa darasa la saba nilisimamishwa mbele ya skuli nzima nisome dua ya asubuhi, dua niliyoijua tangu chuo cha Kurani, na sauti haikutoka. Mwalimu alinirudisha mstarini bila kunigombeza. Lakini tangu siku hiyo nikawa naogopa asubuhi zenyewe.

Kwetu Pemba mtoto wa namna hiyo hakimbizwi kwa daktari. Anatafutiwa dawa. Bibi alikata mchaichai nyuma ya jiko, akaufunga fundo kwa jani lake lenyewe na kuutosa kwenye sufuria. Habbasoda nilirambishwa na asali kabla sijatia kitu tumboni. Ikifika magharibi, chetezo kilipitishwa chumba hadi chumba na ubani. Na mara mbili nilipelekwa kwa maalim, akaniandikia kombe kwenye sahani nyeupe, maandishi ya rangi ya machungwa, yakaoshwa kwa maji na marashi mawaridi, nikanywa. Nilikuwa napata nafuu. Nasema hivyo kwa dhati, maana yatakayofuata yanaweza kumfanya msomaji adhani nimekuja kuwavunjia heshima wazee wangu.

Nilikua, nikasoma, nikahamia Unguja. Sasa nafundisha biolojia sekondari. Jakamoyo lilipungua miaka mingi, likawa linakuja na kuondoka kama mgeni wa sikukuu. Likarudi kwa nguvu miaka miwili iliyopita, nilipoitwa kwenye usaili wa nafasi ya masomo ya shahada ya uzamili. Wiki tatu kabla ya siku yenyewe nilikuwa silali. Nalala saa sita, saa nane niko macho nahesabu feni inavyozunguka. Mchana, ili nisisinzie mbele ya wanafunzi, nikawa nakunywa kahawa chungu, vikombe vitano na kashata baada ya vipindi, na vingine viwili vitatu jioni muuza kahawa akipita na dele lake. Usiku nakunywa mchaichai ili nilale. Sikuona kwamba nilikuwa nawasha moto kwa mkono mmoja na kuuzima kwa mwingine.

Usiku wa kuamkia usaili nikakumbuka kikombe cha Bibi. Nilikuwa na kungumanga mbili nilizonunua Darajani, bado zina magamba, basibasi limezishika kama wavu mwekundu uliokauka. Nikazivunja. Nikafikiri hivi: kama mikwaruzo mitatu inamtuliza mtoto kwa ajili ya mtihani wa skuli, mtu mzima mwenye usaili mkubwa anahitaji zaidi. Nikazikwaruza zote mbili mpaka vidole vikauma, nikazikoroga kwenye glasi ya maziwa na sukari. Zilikuwa chungu, zina ladha ya mbao, na ulimi ulishika ganzi kidogo. Nikanywa mpaka mwisho saa mbili usiku.

Saa nne, kimya. Saa tano bado niko macho, nikasikitika kwamba hata kungumanga za siku hizi hazina nguvu. Saa saba ndipo mambo yalipoanza. Kinywa kilikauka kwa namna ambayo maji hayakusaidia, ulimi ukanata juu. Moyo ulidunda kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Kuta zilikuwa zinajongea na kurudi nyuma. Nilijiangalia mikono nikaona si yangu. Na juu ya yote ikaja yakini, si hofu tena, kwamba nakufa usiku ule. Yote niliyokuwa nikiyakimbia kwa wiki tatu yalikuja kwa pamoja.

Jirani yangu, mama mtu mzima, alisikia nikigonga ukuta. Nyumba ya pili mtu akasema, "Huyo kapandwa, kwanza fukizeni." Mama yule hakumsikiliza, akaita teksi.

Hospitali daktari aliniuliza kama nimekunywa dawa yoyote. Nikasema hapana. Dawa za mitishamba? Hapana. Sikuwa nasema uongo. Kwangu mimi kungumanga ilikuwa kitu cha pilau na visheti, haikunijia akilini kuihesabu. Wakanibandika nyaya kifuani, wakanipima sukari, wakanitilia maji. Karibu na alfajiri jirani yangu akakumbuka alichokiona jikoni kwangu alipokuja kunitoa.

"Daktari, huyu kanywa kungumanga. Glasi iko palepale, imejaa machicha."

Daktari akaacha kuandika. "Kiasi gani?"

"Mbili," nikasema.

"Vijiko viwili?"

"Mbili nzima."

Usaili ulikuwa saa tatu asubuhi. Saa tatu nilikuwa kitandani, macho mekundu, sijui kama ni juzi au leo. Uzito wa kichwa ulinichukua siku mbili kuisha. Nafasi ile ikaenda kwa mwingine.

Yaliyonipata yanajulikana zamani. Mwaka 1829 mwanasayansi wa Kicheki, Jan Evangelista Purkyně, alikula kungumanga tatu makusudi ili aandike zinavyomfanya. Ndani yake mna kitu kinaitwa miristisini, pamoja na mafuta mengine. Madhara yameripotiwa kuanzia kiasi cha gramu 5 hivi, na kungumanga moja yenyewe ina uzito wa gramu 5 au zaidi. Tena dalili huchelewa saa tatu, nne, hata zaidi, ndiyo maana mtu hudhani hazijafanya kazi akaongeza. Nashukuru sikuwa na kungumanga ya tatu ndani. Mikwaruzo mitatu ya Bibi haijazi hata ncha ya kijiko cha chai. Kilichojaa kikombe kile ni maziwa ya moto. Kwa hiyo Bibi hakukosea. Mimi nilichukua jina la dawa yake nikaacha kipimo.

Daktari hakuniachia hapo. Alinipeleka kwa muuguzi wa afya ya akili, na kusema kweli nilitaka kukataa. Wazanzibari tunajua, ukitajwa kwa mambo ya akili tu mtu atakwambia "nenda Kidongo Chekundu", na hilo linatoka kama tusi wakati ile ni hospitali kama hospitali nyingine. Muuguzi aliniuliza maswali saba kuhusu wiki mbili zilizopita: mara ngapi nimeshindwa kuzuia wasiwasi, mara ngapi nimeshindwa kutulia, mara ngapi nimeogopa kama kuna jambo baya litatokea. Kila jibu lina alama, jumla 21. Nilipata 14. Ilikuwa mara ya kwanza jakamoyo langu kupewa namba, na sijui kwa nini lakini nililia. Labda kwa sababu kitu kilichopimika kilionekana kitu kweli, si udhaifu wa roho yangu. Ushauri wake wa kwanza ulikuwa mdogo mno: acha kahawa baada ya adhuhuri, pumua pole pole huku ukirefusha pumzi ya kutoka, na rudi wiki ijayo tuzungumze.

Katika miezi ile nilianza kusoma. Mimi ni mwalimu wa biolojia, niliona haya kwamba naweza kuwaeleza watoto kazi ya figo lakini sijui ninachokunywa kila usiku. Rafiki yangu aliyeko chuo kikuu, Tunguu, akawa ananipatia makala.

Nilianza na mchaichai, kwa kuwa ndio niupendao. Kumbe Brazil nao wanao, na wao pia hunywa kwa ajili ya roho isiyotulia na usingizi. Mwaka 1986 watafiti wa huko walichapisha jaribio lao kwa watu 50 wa kujitolea. Waliwanywesha chai ya majani yenyewe, kama tunavyofanya sisi, na kuilinganisha na kinywaji kisicho na mchaichai. Kisha wakachukua 18 walio na tabia ya wasiwasi mwingi na kuwapa mtihani wa kuwatia wasiwasi makusudi. Waliokunywa mchaichai na wasiokunywa walipata wasiwasi sawasawa. Usingizi nao haukubadilika. Habari njema ni kwamba mchaichai haukumdhuru mtu.

Nilisoma karatasi ile mara mbili nikiwa na kikombe cha mchaichai mkononi, na moyo uliniuma kama nimesikia mtu akimsema vibaya ndugu yangu. Nikajiuliza: basi ile nafuu ya utotoni ilikuwa nini? Sijawahi kukubali kwamba ilikuwa njozi. Kulikuwa na kitu cha moto mikononi, taa imepunguzwa, Bibi amekaa ukingoni mwa kitanda, na hakuna aliyetaka niseme lolote. Vitu kama hivyo, kama vilikuwepo Brazil, vilikuwepo pande zote mbili, kwa anayekunywa jani na asiyekunywa. Ndiyo kazi ya kulinganisha, kulitenga jani na vyote vinavyolizunguka. Bado nakunywa mchaichai. Ila siku hizi nautia mahali pa kahawa ya jioni, na kwa njia hiyo umenisaidia kweli, kwa kile ulichokiondoa kikombeni.

Zafarani ina hadithi nyingine. Huko Iran wameipima mara kadhaa, miligramu 30 kwa siku, zaidi kwa watu wenye sonona kuliko wenye wasiwasi. Mwaka 2005 walichapisha jaribio la watu 40 kwa wiki sita, nusu wakipewa zafarani na nusu fluoksitini, dawa ya hospitali, na makundi yote mawili yalipata nafuu inayokaribiana. Watu 40 ni wachache, na wiki sita ni muda mfupi, lakini ni zaidi ya maneno matupu. Nilipolisoma hilo nikakumbuka sahani ya maalim, maana kombe husemwa kuandikwa kwa zafarani. Furaha yangu haikudumu. Nilimwona mwenyewe akimimina unga ule kutoka pakiti ndogo ya dukani: ilikuwa rangi ya chakula, ile ya biriani. Zafarani halisi ni nyuzi, ina bei, na huwezi kuandikia sahani kumi kwa siku. Lakini kombe halikuwa dawa kwa ajili ya wino wake. Nililinywa kwa ajili ya aya, na imani yangu katika hizo sikuitia kwenye mizani ya watu 40. Ninachokataa ni mtu kuniuzia rangi ya biriani kwa jina la zafarani, akinitajia na utafiti.

Ubani nao umepimwa. Mwaka 2008 watafiti walionesha kwamba kitu kimoja ndani ya utomvu wake, insensoli asetati, kiliwatuliza panya. Panya, si mtu. Mimi bado nafukiza magharibi kwa kuwa nyumba bila harufu ile siioni nyumba, ila nafungua dirisha, maana mwanangu ana pumu.

Habbasoda ina majaribio machache madogo ya watu kuhusu wasiwasi. Wenye jamaa Maskati huletewa pia maua ya babunaji, kamomaili ya kwenye paketi za madukani. Marekani mwaka 2009 yalijaribiwa kwa watu 57 kwa wiki nane, kwa vidonge vyenye kipimo maalumu, na yakapunguza wasiwasi kiasi. Ukilinganisha na sifa zinazosemwa kwenye vibanda, ushahidi ni mdogo. Ukilinganisha na dharau za baadhi ya wasomi, si sifuri.

Na mizizi ya wazee imewahi kushinda kabisa. India kulikuwa na mmea waliotumia karne nyingi kwa waliochanganyikiwa, Rauvolfia serpentina. Mwaka 1952 wataalamu wa kampuni ya Ciba ya Uswisi walitoa ndani ya mzizi wake reserpini, ikawa miongoni mwa dawa za mwanzo za presha na za wagonjwa wa akili duniani. Lakini ikaonekana pia kwamba baadhi ya waliopewa huzuni iliwazidi. Mmea wenye nguvu ya kuponya una nguvu ya kudhuru, hauwezi kuwa na moja bila nyingine. Visiwa vya Pasifiki wana mzizi wa kava, ambao majaribio yameonesha unatuliza wasiwasi kidogo, na Ujerumani wakaupiga marufuku mwaka 2002 kwa ajili ya ripoti za maini kuharibika. Neno "asili" lililoandikwa kwenye chupa halimlindi mtu.

Hili si la kusoma tu kwangu. Shangazi yangu wa Wete anakunywa vidonge vya presha. Mwaka jana alianza kizunguzungu, kila akisimama ashike ukuta. Kumbe alikuwa anakunywa mafuta ya habbasoda asubuhi na jioni kwa ajili ya "mishipa ya wasiwasi", na juu yake dawa ya chupa isiyo na jina lolote ubavuni. Habbasoda yenyewe imeonekana katika tafiti kushusha presha kidogo. Juu ya vidonge, na juu ya chupa isiyojulikana, nani ajuaye jumla yake? Nilimuuliza kwa nini hakumwambia daktari.

"Hakuniuliza, mwanangu. Na angeniuliza ningeona haya."

Nililijua jibu hilo, nilishalitoa mwenyewe nikiwa na nyaya kifuani. Siku hizi akienda kliniki namwandikia karatasi: vidonge hivi, mafuta haya vijiko viwili, tangawizi, kitunguu thomu. Ile chupa tumeiacha. Muuzaji tulimuuliza mna nini ndani, akasema ni siri ya ukoo. Zanzibar tuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na mtabibu anayeheshimu kazi yake hakasiriki akiulizwa kama amesajiliwa. Bibi yangu ningemuuliza mna nini kwenye kikombe angenionesha kila kitu mpaka kile kipande cha bati.

Katika yote niliyosoma, lililonikaa moyoni halina jani hata moja. Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha wanawake watu wazima wa mitaani, mabibi, namna ya kumsikiliza mtu aliyeelemewa. Wanakaa naye kwenye benchi la mbao nje ya kliniki. Kishona wana neno lao, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Sisi tungesema "ana mawazo". Mwaka 2016 yakachapishwa matokeo ya jaribio la watu 573 katika kliniki 24 za Harare. Baada ya miezi sita, waliokaa na mabibi walikuwa na dalili chache sana kuliko waliopata huduma ya kawaida. Utaratibu huo umeshafika hata Unguja. Nilipomaliza kusoma nilikaa kimya muda mrefu. Mchaichai wa Bibi uliwekwa kwenye kipimo ukashindwa. Ukingo wa kitanda alipokuwa akikaa nao umewekwa kwenye kipimo, na umepita, kwa idadi ya watu ambayo hakuna jaribio la jani lolote kati ya hayo niliyoyataja lililoikaribia.

Vuli iliyopita nilipanda boti nikaenda Mtambwe. Bibi macho yamepungua nguvu lakini vidole vyake havijasahau. Nilimkuta juu ya jamvi, rundo la karafuu mbichi mbele yake, anachambua, karafuu upande huu, makonyo upande ule. Nikamwamkia, nikakaa, nikaanza kuchambua naye. Harufu ile mbichi inayochoma pua ilinirudisha miaka thelathini nyuma. Baada ya muda nikamweleza habari ya kungumanga. Sikuwa nimemwambia, miaka yote miwili.

Vidole vikasimama. "Ngapi?"

"Mbili, Bibi. Nzima."

Akanitazama, au akatazama pale sauti yangu ilipotokea. "Hizo mbili ningekufikisha nazo kidato cha sita." Akanyamaza. "Na hukunipigia simu?"

"Ilikuwa usiku."

"Mimi usiku silali," akasema. Akavuta fungu la karafuu upande wangu. "Haya. Nieleze huo usaili. Walitaka kukuuliza nini?"

Nikaanza kumweleza. Tulichambua mpaka adhana ya magharibi, na rundo lilikuwa bado halijaisha.